Bakteria hai katika mtindi na chakula cha mifugo: Usugu wa antibayotiki unavyopimwa, na karatasi za kudai kabla mzigo haujafika Rumonge

Mizigo ya Rumonge inajulikana: mawese, mashudu ya mbegu za mawese, ndagala wakavu, mikeke, mihogo. Ipo bidhaa nyingine ambayo ni ndogo kwa uzito na hupita kimya kimya kati ya katoni za dawa za mifugo na vyakula vya dukani. Hiyo ni bakteria hai. Pakiti ya unga wa kugandishia mtindi ni bakteria hai. Kopo la unga wa kuchanganya katika maji ya vifaranga linaweza kuwa bakteria hai. Hata premiksi ya vitamini inaweza kuwa imetengenezwa kwa msaada wa bakteria.

Bakteria hao si wabaya. Bila wao hakuna mtindi. Hata hivyo, wanaingia wakiwa hai katika tumbo la mtu au la mnyama, na huko hukutana na bakteria wengine. Kwa sababu hiyo wataalamu huwauliza swali moja kabla ya kuwaruhusu: je, wamebeba usugu wa antibayotiki ambao wanaweza kuwapa wengine? Makala hii inaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa maabara, bidhaa zipi zimewahi kuondolewa sokoni kwa sababu yake, na mfanyabiashara wa mwambao wa Burundi adai karatasi gani kwa muuzaji.

Bidhaa zinazohusika

Katika biashara ya kuvuka mipaka bidhaa hizi ziko katika makundi manne:

- Mbegu za mtindi na jibini. Za kawaida ni Streptococcus thermophilus na jamii za Lactobacillus. Kiwango cha Codex cha maziwa yaliyochachushwa (CXS 243 cha 2003) kinataka mbegu hizo ziwe na angalau chembe hai milioni 10 kwa gramu ya mtindi. Bakteria mwingine anayetajwa kwenye lebo anatakiwa afikie angalau chembe milioni 1 kwa gramu.
- Bakteria wa kuongeza katika chakula au maji ya kuku, nguruwe na ng'ombe. Hapa hutumika sana Bacillus subtilis, Enterococcus faecium na Lactobacillus.
- Bakteria wa kuhifadhia majani ya mifugo, yaani sileji.
- Vitamini, vimeng'enya na asidi za amino zinazotengenezwa kwa kutumia bakteria kiwandani. Bidhaa ya mwisho haikusudiwi kuwa na bakteria hata mmoja, lakini kama itakavyoonekana, mambo hayaendi hivyo kila mara.

Hamira na bidhaa nyingine za chachu aina ya Saccharomyces hazimo katika kundi hili. Chachu si bakteria, na antibayotiki za kuua bakteria haziigusi kwa asili yake.

Kwa upande wa forodha, mbegu za bakteria huingia chini ya namba ya HS 3002, chachu 2102, mtindi 0403, vyakula vya mifugo vilivyochanganywa na premiksi 2309, na mashudu ya mawese 2306. Bidhaa ileile ya bakteria inaweza kuhamia 2309 ikiwa imeshachanganywa na pumba au wanga kwa ajili ya mifugo. Ni vema wakala wa forodha aelezwe matumizi mapema, maana jina la kwenye katoni pekee halitoshi.

Kwa nini jambo hili ni zito mwambaoni

Mwambao wa ziwa kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac ni ukanda wa kipindupindu. Ugonjwa hurudi mara kwa mara, na Burundi ilitangaza mlipuko mwingine Januari 2023. Tiba kubwa ya kipindupindu ni maji na chumvi za kurudisha mwilini. Kwa wagonjwa waliozidiwa huongezwa antibayotiki, na inayopendekezwa kwanza ni dozi moja ya doksisaiklini. Dawa hiyo ni ndugu wa oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wengi wa kuku na ng'ombe wanaifahamu vizuri. Mara nyingi bakteria aliyezoea mmoja wa ndugu hawa huwa amewazoea na wengine.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya jinsi dawa hizi zinavyoweza kupotea haraka. Kipindupindu kilipolipuka Tanzania mwaka 1977, tetrasaiklini ilitolewa kwa wingi kwa wagonjwa na pia kwa watu wazima wa afya kama kinga. Baada ya miezi mitano hivi, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa vimeishaizoea. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofariki kwa makumi ya maelfu huko Goma, kimelea cha kipindupindu kilichokutwa kilikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini. Burundi yenyewe, katika miaka ya mwanzo ya 1990, ilikuwa na mlipuko wa kuhara damu ambao kimelea chake kilishinda antibayotiki zote za kumeza zilizokuwa zikitumika nchini.

Milipuko hiyo haikuletwa na mtindi wala chakula cha kuku. Inachofundisha ni kwamba usugu husafiri. Bakteria wengi hubeba vipande vidogo vya urithi viitwavyo plasmidi, ambavyo huweza kunakiliwa na kupewa jirani, hata jirani wa jamii nyingine. Tumbo la kuku au la mtoto ni soko lenye msongamano. Mtu akimwaga humo mabilioni ya bakteria wenye plasmidi ya kuishinda tetrasaiklini, amefungua duka la usugu mahali ambapo vimelea vya magonjwa hupita. Ndiyo maana kanuni ni moja kwa mtindi na kwa chakula cha mifugo: bakteria wanaowekwa kwa makusudi wasiongeze usugu uliopo tayari.

Usugu wa asili na usugu wa kupata

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi huchanganyikiwa, hasa wanaposoma kwenye cheti kwamba bakteria fulani "ni sugu kwa vankomaisini" na wakadhani mzigo ni mbovu.

Usugu wa asili ni ule ambao jamii nzima inao. Lactobacillus rhamnosus, kwa mfano, haidhuriki na vankomaisini kwa sababu ya jinsi ukuta wa mwili wake ulivyojengwa. Kila bakteria wa jamii hiyo yuko hivyo, na hana kipande cha kumpa mwingine. Usugu wa namna hii haumzuii kutumika.

Usugu wa kupata ni ule ambao bakteria mmoja anao huku wenzake wa jamii hiyohiyo hawana. Maana yake ameupokea kutoka kwingine, au umetokana na badiliko ndani ya urithi wake mwenyewe. Ukiwa umepokelewa kutoka nje, uwezekano wa kuutoa tena ni mkubwa. Bakteria wa namna hiyo hukataliwa katika chakula cha mifugo na katika chakula cha binadamu. Ukiwa ni badiliko la ndani tu, hatari ya kuusambaza ni ndogo, lakini mtengenezaji anatakiwa kuthibitisha hivyo kwa ushahidi.

Kinachopimwa ni ukoo, si jina

Jina kama Lactobacillus plantarum hutaja jamii. Ndani ya jamii kuna koo nyingi, na kila ukoo una tabia zake. Msafirishaji ataelewa kwa mfano wa pikipiki: pikipiki elfu moja zinaweza kuwa za aina moja na rangi moja, lakini kila moja ina nambari yake ya chasisi. Polisi akitafuta pikipiki iliyoibiwa hatazami rangi, anatazama nambari.

Nambari ya ukoo hutolewa na benki za bakteria zinazotambuliwa kimataifa. Herufi za mwanzo huonyesha benki: DSM ni ya Ujerumani, ATCC ya Marekani, NCIMB ya Uingereza, LMG ya Ubelgiji. Mwaka 2002 wataalamu wa FAO na WHO, katika mwongozo wao wa bakteria wenye manufaa walioutoa huko London, Ontario, nchini Kanada, walitaka kila ukoo utambuliwe, uwekwe katika benki ya kimataifa na upimwe usugu wake kwa antibayotiki. Lebo inayosema "bakteria wazuri" bila nambari ni sawa na pikipiki isiyo na chasisi. Hakuna karatasi yoyote ya maabara inayoweza kufungwa nayo.

Jambo moja zaidi la kuangaliwa: mwaka 2020 wanasayansi waliigawa jamii kubwa ya Lactobacillus na kuipa majina mapya. Lactobacillus rhamnosus sasa huandikwa Lacticaseibacillus rhamnosus, L. plantarum ni Lactiplantibacillus plantarum, na L. reuteri ni Limosilactobacillus reuteri. Cheti cha 2018 na ankara ya leo vinaweza kuwa na majina mawili kwa bakteria mmoja. Ikiwa nambari ya ukoo ni ileile, mzigo ni uleule.

Hatua za upimaji

Utaratibu unaofuatwa zaidi duniani ni ule wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA). Mwongozo wake wa 2012 ulihusu kipimo cha usugu, na wa 2018 ukaongeza usomaji wa urithi wote wa bakteria. Hatua ni hizi:

1. Kumtambua bakteria. Ukoo hutambuliwa kwa kusoma urithi wake, wala si kwa kutazama umbo chini ya darubini.

2. Kumpima dhidi ya dawa. Bakteria huoteshwa katika vyungu vidogo vyenye dawa inayoongezeka maradufu: miligramu 1 kwa lita, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kipimo kidogo kabisa ambacho bakteria haonekani tena ndicho kinachoandikwa kwenye cheti, yaani kipimo cha kwanza kinachomzuia kuota. Orodha ya dawa kwa bakteria wa mtindi na Bacillus ni ampisilini, vankomaisini, gentamaisini, kanamaisini, streptomaisini, eritromaisini, klindamaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Dawa ambayo jamii ina usugu wa asili nayo huachwa. Kwa bakteria wa mtindi njia ya maabara ni kiwango cha ISO 10932 cha 2010.

3. Kulinganisha na kikomo cha jamii. Kila jamii ina kikomo chake kwa kila dawa. Kwa tetrasaiklini vikomo vya EFSA, kwa miligramu kwa lita, ni hivi:

- Lactobacillus plantarum: 32
- Lactobacillus rhamnosus: 8
- Bacillus: 8
- Enterococcus faecium: 4
- Streptococcus thermophilus: 4

Mfano: cheti kikionyesha kwamba L. plantarum alizuiwa kwa miligramu 16, amepita, kwani kikomo chake ni 32. Enterococcus faecium akionyesha 16 hiyohiyo hajapita. Ndiyo maana tarakimu peke yake haisemi chochote mpaka isomwe pamoja na jina la jamii.

4. Kutafuta jeni za usugu. Urithi wote wa bakteria husomwa na kulinganishwa na hifadhidata za jeni za usugu zinazojulikana, kama CARD na ResFinder. Bakteria anaweza kupita katika chungu cha dawa lakini akakutwa na jeni iliyolala. Inaweza pia kuwa kinyume chake.

5. Kuamua. Akiwa chini ya vikomo vyote na hana jeni ya kupata, anapita. Akiwa juu ya kikomo, mtengenezaji lazima aonyeshe chanzo cha usugu. Ikionekana ni jeni iliyotoka nje, ukoo huo haufai.

Enterococcus faecium huangaliwa kwa ukali zaidi kwa sababu ndani ya jamii hiyo zimo koo zinazosababisha magonjwa hospitalini. EFSA inataka azuiwe na ampisilini isiyozidi miligramu 2 kwa lita, na asiwe na alama tatu za urithi zinazopatikana kwa koo za hospitalini. Ukali huo una historia. Dawa ya avoparsini iliyokuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ilizalisha Enterococcus walioshinda vankomaisini. Denmark iliipiga marufuku mwaka 1995, Umoja wa Ulaya ukafuata 1997, na tangu tarehe 1 Januari 2006 Ulaya imekataza antibayotiki zote za kukuzia mifugo.

Mizigo iliyokwama: mifano mitatu

Bakteria aliyesafishwa. Lactobacillus reuteri ATCC 55730 aliuzwa katika nchi nyingi na kampuni ya BioGaia ya Sweden. Ilipogundulika kwamba ana plasmidi mbili, moja ya kuishinda tetrasaiklini na nyingine ya kuishinda linkomaisini, kampuni iliziondoa plasmidi hizo bila kubadilisha bakteria mwenyewe. Ukoo mpya ukapewa nambari DSM 17938, na matokeo yakachapishwa 2008. Jina la jamii ni lilelile katika koo zote mbili. Tofauti yote imo katika nambari.

Bakteria aliyefutiwa kibali. Bacillus toyonensis NCIMB 40112, aliyeuzwa kwa jina la Toyocerin, alikuwa ameruhusiwa Ulaya kwa kuku, nguruwe na wanyama wengine kwa miaka kadhaa. Tathmini mpya ilionyesha usugu kwa tetrasaiklini na kloramfenikoli, pamoja na uwezo wa kutengeneza sumu. Vibali vilisimamishwa 2013 na ombi likakataliwa 2015. Kibali cha zamani hakikuwa kinga kwa aliyekuwa na shehena ghalani.

Vitamini yenye abiria. Mwaka 2014 Ujerumani ilikuta ndani ya vitamini B2 ya chakula cha mifugo kutoka China bakteria hai wa Bacillus subtilis aliyebadilishwa urithi, mwenye jeni za usugu wa antibayotiki. Alikuwa bakteria wa kiwandani ambaye hakutakiwa kubaki katika unga. Baadaye, mwaka 2018, Umoja wa Ulaya ulikataa vitamini B2 ya asilimia 80 iliyotengenezwa na Bacillus subtilis KCCM-10445 kwa sababu za namna hiyo, na akiba iliyokuwa sokoni ikapewa muda wa kuondolewa. Kwa wauzaji wa premiksi somo ni kwamba vitamini nayo huulizwa imetengenezwa na bakteria gani.

Bidhaa ikikataliwa katika soko kubwa haipotei duniani. Hutafuta mnunuzi mwingine, kwa kawaida kwa bei nafuu. Mnunuzi asiyeuliza nambari ndiye anayeipokea.

Mtindi wa kanda yetu

Kanda ina mifano ya bakteria wanaojulikana kwa nambari zao. Mwanza, Tanzania, tangu 2004 kikundi cha akina mama katika mtaa wa Mabatini kilianza kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na NIMR na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Uganda nako watengenezaji wadogo wa mtindi hutumia pakiti zenye Lactobacillus rhamnosus yoba 2012 pamoja na Streptococcus thermophilus C106. Yoba 2012 ni ukoo uleule wa GG uliochunguzwa kwa miaka mingi. Usugu wake kwa vankomaisini uliangaliwa, na jeni za vankomaisini kama zile za Enterococcus hazikukutwa. Mtengenezaji mdogo wa mtindi hahitaji maabara yake mwenyewe. Anahitaji kununua ukoo ambao umeshapimwa.

Ikivuguto cha nyumbani, au mihogo inayoloweshwa hadi ikawa ikivunde, ni jambo tofauti. Hapo bakteria huja wenyewe kutoka katika chombo, maziwa na maji. Hakuna ukoo mmoja wa kupima, na tathmini hii haikutungwa kwa ajili yao. Inaanza kuhusika pale mtu anapochukua bakteria mmoja kutoka katika ikivuguto, akamzalisha peke yake na kumuuza katika pakiti. Kuanzia siku hiyo anakuwa mbegu ya biashara, na anadaiwa nambari na cheti kama wengine.

Vivyo hivyo ndagala wakavu na mashudu yanayokwenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Bakteria waliomo hawakuwekwa kwa makusudi, hivyo huangaliwa kwa vipimo vya usafi wa kawaida, hasa salmonela. Lakini mtengenezaji akinyunyizia mashudu hayo bakteria wa dukani, bidhaa imehama kundi.

Ofisi na karatasi

Upande wa Burundi mzigo hupita kwa OBR kwa ushuru na forodha, BBN kwa viwango, na ABREMA kwa vyakula na dawa za binadamu. Bidhaa za mifugo zinahusu huduma za mifugo za wizara inayoshughulikia kilimo na ufugaji. Upande wa Tanzania, kwa mzigo unaopitia Kigoma kwa maji au Manyovu na Mugina kwa barabara, TBS ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu 2019, baada ya TFDA kugeuka kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo midogo husaidia katika ushuru. Hakiondoi wajibu wa afya na usalama wa bidhaa.

Anwani nazo ziangaliwe. Rumonge ulikuwa mkoa tangu 2015, na kwa mgawanyo mpya wa 2025 mji huo umo katika mkoa wa Burunga. Karatasi zikiwa na mkoa wa zamani na nyingine mkoa mpya, ni bora zisahihishwe kabla ya safari kuliko mpakani.

Kipimo cha usugu hufanywa mara moja kwa ukoo, si kwa kila shehena. Kwa hiyo mfanyabiashara hana haja ya kugharamia maabara kila safari. Anachohitaji ni karatasi mbili zinazosomana: ripoti ya usugu ya ukoo kutoka kwa mtengenezaji, na cheti cha uchambuzi cha toleo husika kinachotaja nambari ileile ya ukoo, nambari ya toleo, idadi ya chembe hai na tarehe ya mwisho. Nambari zikipishana, ripoti ya usugu haina thamani kwa mzigo huo.

Kwa wasafirishaji

- Mbegu za mtindi zilizokaushwa hufa kwa joto, na mwambao una joto. Zisafirishwe katika chombo cha baridi kama lebo inavyosema. Joto haliongezi usugu, lakini linapunguza chembe hai, na mnunuzi huukataa mzigo.
- Bacillus husafirishwa akiwa katika hali ya mbegu ngumu inayovumilia joto. Kwa sababu hiyohiyo hatoki kirahisi katika sakafu ya gari. Unga uliomwagika ufagiliwe na kuondolewa kabla ya kupakia mzigo mwingine wa chakula.
- Chakula chenye antibayotiki kisipangwe juu ya bakteria hai wala juu ya chakula kisicho na dawa. Mifuko ikipasuka, mabaki ya dawa huua bakteria wa bidhaa na kuwaacha hai wale sugu.
- Mfuko uliofunguliwa na kufungwa upya katika pakiti ndogo umepoteza nambari ya toleo. Nakala ya lebo asilia isafiri nao.

Sifa ya kuogopwa

Baadhi ya bidhaa husifiwa kwamba bakteria wake "hawauawi na dawa", hivyo kuku wanaweza kupewa pamoja na tetrasaiklini. Kama bidhaa ni chachu, sifa hiyo ni ya kweli na haina madhara. Kama ni Bacillus, inaweza kumaanisha tu kwamba mbegu yake ngumu inavumilia dawa hadi itakapochipua. Lakini kama ni Lactobacillus au Enterococcus, muuzaji anatangaza kosa lilelile ambalo tathmini imewekwa kulikamata. Hapo ripoti ya usugu iombwe kabla ya malipo.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

1. Ni jamii gani, na ukoo una nambari gani katika benki gani ya bakteria?
2. Umepimwa kwa dawa zipi, kwa njia gani, na matokeo yako chini ya kikomo cha jamii hiyo?
3. Urithi wake wote umesomwa? Jeni za usugu zilizokutwa ni zipi, na ni za asili au za kupata?
4. Kama ni vitamini au kimeng'enya, kimetengenezwa na bakteria gani, na kuna cheti kwamba hakuna bakteria wala urithi wake uliobaki?
5. Ukoo huu umewahi kukataliwa au kufutiwa kibali katika soko lolote?
6. Cheti cha toleo kinataja nambari ileile iliyo kwenye lebo?

Muuzaji mwenye bidhaa safi huwa na majibu haya katika faili moja, maana aliyatoa mara ya kwanza alipoomba kibali. Asiyekuwa na jibu la swali la kwanza hawezi kuwa na jibu la mengine matano, na mzigo wake hauna sababu ya kupakiwa.